Hewa Iliyolala Chini

Lavender Bochaberi alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kila mlango ulipobamizwa mkono wake ulikimbilia tumboni wenyewe. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka juzi, kabla hata hajaizoea. Tangu hapo aliubeba mwili wake kama mtu avukaye daraja la miti usiku wa mvua: anatanguliza mguu mmoja, anasikiliza, ndipo anauleta wa pili.

Alikuwa mkemia, na watu walimwita Daktari. Maabara yao ilikuwa kwenye mteremko wa Nyanchwa, jengo la matofali la chuo kidogo cha binafsi, na kutoka dirishani uliona migomba ikishuka bondeni hadi mtoni. Walikuwa wawili tu kazini humo siku nyingi: yeye na Mzee Masese, fundi wa maabara, mtu wa Sironga aliyezidi miaka hamsini, mpole, Msabato asiyekosa Sabato hata moja. Mkuu wao, Daktari Jemimah, alikuwa na ofisi ng'ambo ya uwanja na alikuja kuwatazama akipata nafasi.

Mama mkwe wa Bochaberi, Kwamboka, alipokuja kutoka Kenyenya kumjulia hali, hakuzunguka. Aliweka mkungu wa ndizi chini, akaketi, akasema, "Mwanangu, yule wa kwanza aliondoka ukiwa kwenye hiyo kazi ya madawa. Na huyu naye?"

"Mama, nimebadilisha kazi. Simalizi hata dakika karibu na ile kemikali kali."

"Sasa unafanya nini huko mchana kutwa?"

Bochaberi alimweleza kwa maneno ya nyumbani. Alimwambia kuwa ile hewa ambayo mtu huitoa puani, ndiyo hiyo hiyo inayofuka kwenye bomba la moshi la kiwanda cha majani chai. Dunia nzima inatafuta pa kuitupa. Wao wanaitaka. Wanaishindilia ndani ya chungu kizito cha chuma pamoja na unga uliotokana na fenoli, wanapasha moto, na ile hewa inashikana na ule unga kama tofali linavyoshikana na ukuta. Kinachotoka humo si hewa tena wala si fenoli. Ni asidi ya salisiliki, mama yake aspirini.

"Fenoli inachoma ngozi, kweli. Lakini hiyo anaishika Mzee Masese. Mimi nashughulika na hewa tu, Mama. Hewa haina neno."

Eric, mumewe Bochaberi, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mtu wa duka la vifaa vya shule pale mjini, na hofu yake haikuwa ya maneno. Ilionekana katika kumpigia mkewe simu saa nne, saa sita na saa tisa, kila mara akiuliza jambo lisilo na maana: kama mvua imeanza, kama amekula.

Siku ya tukio mvua ilianza mapema, ikaja na mawe. Stima ikapotea. Chungu kilikuwa kimekwisha kupata moto na hewa ilikuwa ikiingia humo kwa bomba jembamba kutoka stoo ya mitungi ya chuma iliyojazwa hewa hiyo. Stoo hiyo ilikuwa chini ya maabara, nusu yake imechimbwa ndani ya mlima. Uliishukia kwa ngazi za saruji, na hewa yake ilitolewa nje na feni moja iliyofungwa ukutani. Feni ile ilikuwa na tabia moja: stima ikikatika na kurudi, yenyewe haikurudi. Mpaka mtu aende akaiwashe kwa swichi. Wote wawili walilijua hilo, na walikuwa wamemwambia Daktari Jemimah, naye alikuwa ameahidi kuleta fundi muhula ukifungwa.

Stima ikarudi. Taa zikawaka, kipasha moto cha chungu kikawaka, na katika pilikapilika ya kuangalia kama joto halikushuka sana, hakuna aliyeikumbuka feni.

Bochaberi aliitazama geji ya bomba. Mshale ulikuwa ukishuka taratibu.

"Mzee, presha inaanguka. Naona mtungi umekwisha."

"Huo? Niliufunga mpya jana."

"Basi sijui. Lakini tazama."

Masese alikuja akatazama, akakuna shavu. Akakifunga chungu kwa valvu yake ili kilichokuwa ndani kibaki ndani, akachukua spana, akafuta mikono kwenye ovaroli. "Ngoja nibadilishe," akasema, akashuka.

Bochaberi alibaki akiandika joto. Simu ikalia. Eric aliuliza kama mvua ya mawe imefika huko. Akamjibu imefika. Akamwuliza kama amekula. Akamjibu atakula. Alipoiweka simu chini ndipo alipogundua kuwa hasikii kitu. Masese alikuwa mtu wa kuimba nyimbo za kanisani akiwa kazini, na spana yake ikigonga chuma unaisikia hata ukiwa uwanjani. Sasa palikuwa kimya, ila sauti ndogo, nyembamba, kama ya birika linalokaribia kuchemka.

Alikwenda hadi mlango wa ngazi. "Mzee?"

Akashuka kidogo, mkono ukutani. Hapo akamwona. Masese alikuwa ameanguka chali, miguu imeelekea ndani ya stoo, mabega na kichwa vimelazwa juu ya ngazi za chini, kama mtu aliyejaribu kujiburuta juu kinyumenyume akachoka. Mdomo ulikuwa wazi.

Bochaberi akashuka ngazi nyingine, na papo hapo ulimi ukamwasha. Ladha ya ukali, kama ya soda iliyokupanda puani. Pumzi ikamjia mbio bila yeye kuiita. Moyo ukaanza kumpiga masikioni.

Akaelewa yote kwa pamoja. Mtungi haukuwa umekwisha, ulikuwa unavuja. Feni haikuwa inazunguka. Hewa ile isiyo na rangi wala harufu, iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, ilikuwa imetiririka ikalala sakafuni kama maji kisimani, ikapanda na kupanda, na Masese alikuwa amezama ndani yake. Na yeye mwenyewe alikuwa amesimama ukingoni.

Mikono yake ilimtaka Masese. Alikuwa mbali naye kiasi cha hatua chache tu. Angeinama, angemshika kwapani, angevuta. Akawaza: nikiinama, kichwa changu kinakuwa pale kilipo kichwa chake. Akawaza pia, na wazo hili halikuja kama wazo bali kama mkono uliomkamata tumbo kwa ndani: mtoto.

Akarudi juu kinyumenyume. Akatoka nje kwenye mvua akapiga ukemi.

Pale langoni palikuwa na waendesha bodaboda waliojibanza chini ya mwavuli wa mabati. Wa kwanza kufika alikuwa Haron, kijana mwenye mabega mapana ambaye mara nyingi alimpeleka nyumbani kwa mwendo wa pole. Nyuma yake wakaja wengine watatu.

"Nani? Wapi?"

"Mzee Masese. Stoo. Haron, usiingie!"

Haron alikuwa ameshaufikia mlango. Alichungulia, akamwona mzee, akaanza kushuka. Bochaberi alimpita, akageuka, akasimama mbele yake kwenye ngazi za juu, mikono miwili imeshika kuta, tumbo lake kati yao.

"Daktari, toka! Mzee anakufa!"

"Ukishuka utaanguka juu yake. Huko hakuna hewa."

"Mbona namwona pale! Hakuna moshi, hakuna kitu!"

"Ndiyo maana inaua. Haron, nisikilize. Hutafika hata kumshika mkono."

"Wewe mama una roho gani?" mmoja wa wale wengine akapaza sauti. "Mtu analala pale wewe unaziba njia!"

Hakubanduka. Na hapo, alipogeuza shingo akauona ukuta wa nyuma wa stoo, ule ulioelekea bondeni, akaona la kufanya. Kama hewa ile imejikusanya kama maji, basi itoboliwe kama maji.

"Zungukeni upande wa chini," akasema. "Ukuta wa nyuma uko juu ya ardhi upande ule. Kuna nyundo kubwa kwa wale wanaojenga choo. Vunjeni tofali za chini kabisa. Za chini, si za juu! Itoke ishuke bondeni. Na mtu asisimame mteremkoni chini ya tundu."

Wawili wakakimbia. Haron akabaki anahema kama fahali. "Na kamba," Bochaberi akamwambia. "Kule shambani kuna ng'ombe amefungwa. Leta kamba yake."

Nyundo ikaanza kulia. Kila pigo lilimwingia Bochaberi mbavuni. Alihesabu pumzi za Masese, au alidhani anazihesabu. Kifua kilipanda, kikatulia. Akasubiri. Kikapanda tena, kidogo mno. Aliomba kwa Ekegusii, lugha ya kwao, maneno ya utotoni, maombi ya mtoto kabla ya kulala, kwa kuwa ndiyo pekee yaliyokuja. Nyundo ikalia. Tofali likaanguka, kisha la pili, na ghafla pakawa na tundu la mwanga chini kule nyuma ya mitungi.

Hakuna aliyeona kitu kikitoka. Lakini majani makavu ya mgomba yaliyokuwa nje ya tundu yalianza kusogea, yakisukumwa bondeni na kitu kisichokuwa upepo.

Haron alirudi na kamba. Wakamfunga kifuani. Bochaberi alimshika uso kwa mikono miwili kama mama anavyomshika mwanawe. "Vuta pumzi hapa juu. Ishike. Usivute nyingine huko chini, hata kidogo. Mshike, sisi tutavuta. Ukiona taabu, achia, tukutoe."

"Sawa."

"Sema tena."

"Nisivute pumzi. Nimeelewa, Daktari."

Akashuka. Akamkumbatia mzee chini ya kwapa. Wale wengine wakavuta kamba, na wote wawili wakapanda ngazi wakiburutana hadi nje, kwenye tope, kwenye mvua iliyokuwa ikipungua. Haron akaanguka kwa magoti akikohoa. Masese alikuwa na midomo ya rangi ya majivu. Bochaberi akaanza kumbonyeza kifua, akamwinua kidevu, akampulizia. Akarudia. Mara ya tatu au ya nne mzee akakoroma, mwili ukajipinda, akavuta hewa kwa sauti ya kutisha, kama kitambaa kinachoraruliwa. Kisha akavuta nyingine.

Walimpakia kwenye pikapu ya chuo wakampeleka hospitali.

Pale hospitali muuguzi alimlaza Bochaberi pia, akamtafuta mtoto kwa kipaza sauti kidogo cha kusikilizia mapigo ya moyo. Alikisogeza kulia, akakisogeza kushoto. Eric alikuwa amesimama kando ya kitanda akiwa na kiatu kimoja cha kuendea dukani na kimoja cha mvua. Muda ukapita usiofaa kupita. Ndipo wakasikia, mbali, haraka haraka, kama farasi mdogo akikimbia.

"Yuko," muuguzi akasema. "Mpigo wake uko mbio kidogo, lakini yuko. Pumzika, mama."

Hakupumzika. Kwa kuwa hadithi ilikuwa imeshatoka ikatangulia mjini. Ilisimuliwa sokoni kwamba Haron alimwokoa mzee, na kwamba yule daktari wa kike alisimama mlangoni akazuia watu. Wengine waliongeza kwamba alilinda mali ya chuo. Haron alijaribu kuwaambia ilivyokuwa, lakini hata yeye hakuielewa vizuri, na hadithi isiyoeleweka haina miguu.

Bochaberi alipokwenda wodini kumwona Masese, mkewe, Damaris, alikuwa ameketi kando ya kitanda akimenya chungwa. Bochaberi akamsalimia. Damaris aliendelea kumenya. Ganda lilikatika, akaanza upya upande mwingine. Hakuinua uso. Masese alikuwa amelala usingizi wa dawa. Bochaberi akasimama kidogo, akaweka pakiti ya maziwa juu ya kabati, akatoka.

"Mwache," Eric alimwambia usiku huo. "Ana uchungu. Utapoa."

"Anadhani nilimwacha mumewe afe."

"Na wewe unadhani nini?"

Bochaberi alijua kuwa aliyoyafanya ndiyo yafaayo kufanywa. Angewafundisha wanafunzi wake hivyo hivyo. Lakini kila alipofumba macho alijiona akirudi kinyumenyume, ngazi moja, ngazi ya pili, na hakujua ni nani aliyekuwa akirudi: mkemia, au mama aliyejawa na hofu. Chakula kikamshinda. Akajilaumu kwa hilo pia, kwa ajili ya mtoto.

Masese aliporuhusiwa kwenda nyumbani, Bochaberi akaenda Sironga. Hakumwambia Eric mpaka alipofika. Katika mkoba alitia mkate, sukari, magadi ya kupikia mboga, ndimu, mishumaa miwili na uzi.

Nyumba ya Masese ilikuwa juu ya shamba la majani chai, mlango wa bluu. Mzee alikuwa ameketi nje kwenye kiti, blanketi magotini, amekonda. Alipomwona akatabasamu. "Daktari! Karibu, karibu."

Damaris alitoka jikoni akijifuta mikono. Akasimama.

"Mama Nyamoita," Bochaberi akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, "nimekuja kukuonyesha kilichotokea. Ukishaona, ukitaka niondoke, nitaondoka."

Damaris alimtazama tumbo, akamtazama uso. "Ingia," akasema.

Mezani Bochaberi aliomba sufuria yenye kina. Akauwasha mshumaa mfupi akausimamisha ndani yake. Kisha akatia magadi ndani ya jagi akayakamulia ndimu. Magadi yakatoa povu, yakachemka bila moto. Povu lilipotulia akaliinamisha jagi juu ya sufuria, pole pole, kama anayemimina uji, lakini hakumwaga hata tone. Kwa macho, hakuna kilichotoka.

Mshumaa ukazimika.

Damaris akarudi nyuma kidogo. "Umeupuliza."

"Sijaupuliza. Niliyomimina ni ile hewa. Ndiyo iliyomwangusha Baba Nyamoita. Imejaa humu sasa, ingawa huioni." Akawasha mshumaa wa pili, akauning'iniza kwa uzi, akampa Damaris. "Ushushe wewe mwenyewe. Polepole. Uende kuusaidia ule wa kwanza."

Damaris akaushusha. Mwali ulipopita ukingo wa sufuria ulitikisika, ukajinyoosha, ukafa.

Masese, kutoka mlangoni, alikuwa akitazama sufuria kama mtu anayeonyeshwa kaburi lake.

"Huyo wa pili ni Haron," Damaris akasema taratibu.

"Ni Haron. Na wa tatu angekuwa mwingine. Wangefuatana mle kama kondoo."

Damaris alikaa. Alizungusha uzi wa mshumaa kidoleni, akaufungua, akauzungusha tena. "Nikuulize jambo, na unijibu kama uko mbele za Mungu. Kama hungekuwa na hiyo mimba, ungeingia?"

Bochaberi alifungua mdomo kusema hapana, nisingeingia, kemia ni ile ile. Maneno yakakataa.

"Sijui, Mama Nyamoita. Nilijua haifai kuingia. Na niliogopa. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu wakati mmoja, na mpaka leo nashindwa kuvitenganisha. Pia ni mimi niliyemfanya ashuke. Niliona presha inashuka nikadhani mtungi umekwisha. Feni sikuikumbuka."

"Hata mimi sikuikumbuka," Masese akasema.

"Wewe nyamaza, omogaka, mzee wangu," mkewe akamwambia, lakini kwa sauti ya chini. Alikuwa akilia bila kujificha. Alilia akamaliza, akapangusa uso kwa leso, akainuka kwenda kuweka chai jikoni. Kwa Bochaberi hilo lilikuwa kubwa kuliko neno la msamaha, maana katika nyumba ile hakuna aliyepikiwa chai kama hatakiwi.

Walipokuwa wakinywa, Masese akauliza kilichokuwa kikimkera tangu alipozinduka. "Na chungu? Mlikimwaga?"

"Kilijipoza chenyewe. Hatukukigusa kwa siku kadhaa. Daktari Jemimah akaja tukakifungua wote."

"Na?"

"Hewa ilikuwa imekamatwa, Mzee. Tuliosha, tukatia asidi, ikashuka unga mweupe, mwingi kuliko mara zote. Tukatia tone la chumvi ya chuma."

"Ikageuka?"

"Zambarau. Nzito mpaka huoni upande wa pili wa chupa."

Masese, aliyejua kuwa zambarau ndiyo dalili ya ile asidi, akaweka kikombe chini, akaicheka habari hiyo kimya kimya, mabega yakimtikisika, hadi kikohozi kikamshika. Damaris akamgonga mgongo. "Harudi huko," akamwambia Bochaberi juu ya kichwa cha mumewe. "Nakwambia mapema."

"Mitungi yote imehamishwa nje, chini ya paa lisilo na kuta. Stoo imezibwa. Nilimwambia Daktari Jemimah sitafungua valvu yoyote mpaka hilo lifanyike, na limefanyika. Lakini sikuja kumwita kazini. Hilo ni lenu."

Masese aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, asithubutu kusema anachotaka. Jambo hilo lilibaki pale mezani, halikuamuliwa.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Nyamira mjini, na Bochaberi akaaga. Mtoto alikuwa ametulia tangu asubuhi, na utulivu huo ulikuwa umeanza kumla. Damaris akajitanda shuka akamsindikiza. Njia ilishuka katikati ya michai, udongo mwekundu umelowa, na mahali pamoja maji yalikuwa yamekata njia.

"Ngoja," Damaris akasema. Alitangulia, akakita miguu kwenye tope, akamnyooshea mikono yote miwili. "Hapa pana utelezi. Nishike mimi. Usitazame chini."

Bochaberi akamshika.